Amana Chini ya Maji

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyeiumba bahari na vilivyomo, akakipa kila kiumbe riziki yake na njia ya kuitafuta. Sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake. Ama baad.

Ndugu zetu Waislamu, sisi watu wa pwani twala samaki mwaka mzima. Twajua bei ya changu na tasi, na twajua ni msimu gani hupatikana kwa wingi. Lakini wachache kati yetu wamepata kujiuliza samaki hao huishije wao kwa wao huko chini. Twadhani mambo ya bahari ni mkubwa kumla mdogo, basi. Na mwenye kudhulumu sokoni akiulizwa, hutoa mfano huo huo kuwa ndiyo hoja yake. Qur'ani katika Surat al-An'aam yatufunza kuwa wanyama nao ni umma, kama sisi tulivyo umma. Basi yatupasa kuzitazama taratibu zao kabla ya kuzifanya udhuru wa dhambi zetu.

Katika miamba ya matumbawe ya bahari yetu hii ya Hindi kuna kisamaki chembamba, urefu wake kama kidole, rangi yake ya samawati, na ubavuni kina mstari mweusi utokao kichwani hata mkiani. Kisamaki hiki hukaa pahali pake maalumu, kama kinyozi na kibanda chake, na samaki wengine hukijia. Huja chewa, huja mkunga, huja pono. Kila mmoja husimama kwa utulivu, akafunua kinywa na matamvua. Kisamaki huingia baina ya meno ya chewa, kikala vidudu vinyonyavyo damu, kisha kikatoka salama. Lau chewa angefunga kinywa, angelipata tonge, wala hafungi. Yeye apata afya, na kisamaki chapata chakula.

Wala msidhani kazi hiyo ni ndogo. Wataalamu waliokaa katika kisiwa cha Lizard, huko Australia, wamehesabu kwamba kisamaki kimoja huweza kuwakagua samaki zaidi ya 2,000 kwa siku moja, na kula vidudu vipatavyo 1,200. Tena waliviondoa visamaki hivyo katika baadhi ya miamba kwa muda wa miaka minane na nusu, wakavilinganisha na miamba iliyoachwa na visamaki vyake. Matokeo yalitangazwa mwaka 2011: pale palipokosa visamaki, samaki wakaao mwambani walikuwa pungufu kwa asilimia 37, na aina zao pungufu kwa asilimia 23. Mji mzima wa samaki hutegemea amana ya kiumbe mdogo kama kidole!

Lakini penye amana hapakosi khiana. Katika miamba hiyo hiyo yuko samaki mwingine, wala si wa ukoo mmoja na yule wa kwanza, ila amefanana naye kwa rangi, kwa mstari na kwa mwendo. Ukitaka kuwapambanua, tazama kinywa: cha mwaminifu kiko mbele ya uso, na cha huyu kimejificha chini ya pua, nacho kina meno marefu makali. Huyu hula minyoo na mayai ya samaki, lakini khasa akiwa mdogo huwaendea samaki waliotulia wakingoja kuhudumiwa, akawang'ata mapezi na kukimbia. Mfano wake ni mtu aliyevaa kanzu na kilemba cha wanavyuoni, naye hana elimu wala kheri. Ashika mali ya watu kwa ahadi za uongo. Wanaomjia hawaji kwa ujinga, waja kwa heshima waliyo nayo juu ya lile vazi. Kwa hivyo dhulma yake ni mbili: amwibia aliyemjia, na amharibia jina yule mwaminifu ambaye vazi ni lake kwa haki.

Hata hivyo, leo sikukusudia kuwasema wengine. Nataka turudi kwa kisamaki mwaminifu, kwani yeye naye ana mtihani wake. Wataalamu wamethibitisha kwamba kisamaki hiki chapenda zaidi ute wa ngozi ya samaki kuliko vile vidudu. Kila siku chafanya kazi huku kimewekewa mbele yake kile kikipendacho na kisichoruhusiwa. Mara nyingine hushindwa na nafsi, kikauma ute. Yule samaki hushtuka, akakifukuza, au akaenda zake kwa kisamaki kingine. Na katika uchunguzi uliotangazwa mwaka 2006 ilionekana kwamba kisamaki hiki huzidi kuwa mwaminifu wanapokuwapo samaki wengine wakitazama. Tena mwenye kutembea mwamba hadi mwamba, aliye na pengine pa kwenda, huhudumiwa kwanza. Na mkazi wa pale pale, asiye na pengine, hungojeshwa.

Niliposoma habari hiyo niliona haya, wala sioni vema kuwaficha sababu. Siku moja baada ya alasiri alinijia bibi mmoja mjane na suala la mirathi ya wanawe. Kabla sijamsikiliza akaingia mfanyabiashara mwenye mali, naye ana suala lake. Nilimkalisha bibi kando, nikashughulika na tajiri mpaka jua likakaribia kuchwa. Nilipomgeukia kumtaka radhi, alisema kwa upole, "Si kitu, sheikh. Mimi sina pengine pa kwenda." Maneno hayo hayakunitoka. Yule tajiri ningemkawiza angekwenda kwa mwanachuoni mwingine, na mimi nililijua hilo. Huyu bibi nilijua atangoja. Nami ndiye niwasomeshaye watu Surat Abasa, ambamo Mtume mwenyewe alizinduliwa na Mola wake kwa kumgeuzia uso kipofu aliyekuja kutaka uongofu, alipokuwa akishughulika na wakubwa wa Makureshi.

Kisamaki hakina dhambi, kwani hakikukalifishwa. Amana yake yalindwa na macho ya watazamao na meno ya waumwao, na hiyo yamtosha yeye. Lakini sisi tuliopewa akili na Kitabu, je, tuwe waaminifu kwa kadiri ile ile ya samaki? Mtume alipopita sokoni aliona rundo la nafaka zuri kwa juu; akatia mkono ndani, akakuta umande chini. Akamkemea mwenye nafaka kwa kuuficha, akamtoa mwenye kughushi katika jamaa ya wafuasi wake. Juu ya rundo ndipo yanapoona macho ya watu. Chini yake ndipo ilipo ihsani: mja amwabudu Mola wake na kuuza na kupima akijua kwamba aonwa, ijapokuwa duka li tupu.

Basi kila mmoja wetu na ajipime kwa mtu mmoja tu: yule asiye na pengine pa kwenda. Mwenye duka ampime mama anayenunua kwa deni. Msimamizi wa wakfu ampime yatima asiyejua hesabu. Mwalimu ampime mtoto wa maskini. Yule mwenye uwezo wa kuondoka atatufanya waaminifu hata tusipopenda. Huyu asiyeweza kuondoka ndiye shahidi wetu Siku ya Kiama.

Ewe Mola wetu, turuzuku amana ya siri kama ya dhahiri, na utusamehe tuliowangojesha wanyonge. Amin.