Faradhi Kifaya na Chanjo ya Surua



Sala ya jeneza ni faradhi kifaya: wakiisali wa kutosha, wengine hawana dhambi, ikiachwa na wote, dhambi ni ya kila aliyekuwa na uwezo. Swali langu ni hili: je, mzazi anaweza kusema kuwa chanjo nayo ni hivyo hivyo, na kwamba maadamu watoto wa wenzake wamechanjwa, wake amesamehewa?

Tuitazame Uingereza. Huko chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela hutolewa bila malipo na huduma ya afya ya taifa. Shirika la Afya Duniani linataka watoto 95 katika kila 100 wapate dozi mbili. Mwaka 2014-15, waliokuwa wamezikamilisha walipotimiza miaka mitano walizidi 88 katika 100. Mwaka 2023-24 hawakufika 84. Mwaka 2024 wagonjwa wa surua waliothibitishwa walizidi 2,900.

Basi kiasi cha kutosha hakijapatikana, na hoja ya mzazi yule inaanguka hapo. Lakini hata kingepatikana, bado naona amekosea. Nafasi ya kulindwa na kinga ya wengine ina wenyewe: mtoto ambaye hajafikia umri wa kuchanjwa, na mgonjwa wa saratani ambaye mwili wake hauwezi kuistahimili chanjo hiyo. Hao wana udhuru. Mwenye afya njema akiikalia nafasi hiyo, ameikalia haki ya mgonjwa.

Wapo Waislamu wenzetu huko wanaosita kwa sababu ya jelatini ya nguruwe. Kuuliza ni haki yao, ila ipo chanjo isiyo na jelatini hiyo, na mzazi anaweza kuiomba. Wengine hawakukataa kamwe. Walikosa miadi, nauli au ruhusa kazini. Tusiwalaumu hao. Hapo wajibu unamwendea mwenye uwezo: serikali isogeze huduma, imamu aeleze, jirani amsindikize mama.

Na anayesema anamtegemea Mwenyezi Mungu, sote tunamtegemea. Lakini tawakkul ni kumwachia Mola matokeo baada ya kutimiza wajibu; si kumwachia jirani wajibu wenyewe.

Wallahu aalam.