Mzee wa Miaka 22



Kijana mwenzangu, umewahi kujisikia mzee ukiwa na miaka 22? Mwili mzima, lakini sala imekuwa mzigo, Misa unaiona ndefu, kitubio unakiahirisha kila Jumamosi. Mimi nimewahi. Na niko seminarini!

Juzi nilikuwa nasoma kuhusu seli shina, yaani zile seli zinazojigawa ili kukarabati mwili. Wanasayansi huzitoa, kwa mfano, kwenye uboho wa mtu mzima aliyeridhia (hilo Kanisa halilipingi, linalopinga ni kuua kiinitete ili kupata seli). Kisha huzikuza maabarani. Shida ni kwamba huko huzeeka haraka.

Kwa nini? Ndani ya mfupa oksijeni ni kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 5. Katika maabara ya kawaida hufika karibu asilimia 20, na hiyo ya ziada huziumiza seli. Tena uboho ni laini, sahani ni plastiki ngumu. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha kwamba seli shina za misuli ya panya zikikuzwa juu ya kitu laini kama msuli wenyewe, hutunza uwezo wake wa kujifanya upya. Kwenye plastiki ngumu huupoteza upesi. Na seli iliyozeeka haikai kimya: hutoa kemikali zinazoweza kuwazeesha hata majirani.

Hapo nikajiona. Oksijeni si sumu, ni kitu chema kilichozidi. Simu yangu nayo si dhambi, ila naishika mpaka saa saba usiku, halafu nashangaa asubuhi Zaburi hazina ladha. Na uchovu wangu haukuishia kwangu. Wenzangu waliuonja kwenye maneno yangu makali. Seli haichagui sahani yake. Mimi nilichagua.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na mwenzake Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu, hata zikitunzwa vizuri, hujigawa kama mara 50 hivi, kisha husimama. Mazingira mema huchelewesha uzee, hayauondoi. Nikodemo aliuliza mtu mzee atazaliwaje tena (Yoh 3). Yesu hakumpa mbinu ya kubaki kijana. Alimwambia habari za maji na Roho. Ndiyo maana Paulo, mwili wake ukichakaa, aliweza kusema kwamba utu wake wa ndani unafanywa upya kila siku (2 Kor 4:16). Unafanywa upya, haujifanyi wenyewe.

Basi wiki hii tufanye mawili. Punguza kitu kimoja chema kilichozidi. Halafu Jumamosi nenda kaungame, usiahirishe tena. La kwanza ni kuandaa sahani. La pili ni kupokea uhai.

Ee Bwana, tumezeeka kabla ya wakati. Utufanye upya. Amina.

Tuombeane.