Msipige Tena Stata

Land Cruiser moja ya kubebea matimba ya machimbo ilichemsha ikitoka Kakola kwenda Kahama. Hosi ya maji ilikuwa ikivuja tangu asubuhi, na dereva alijipa moyo kwamba atafika. Hakufika. Gasketi ya hedi iliungua, gari likavutwa mpaka gereji moja ya Kahama. Hilo halina ajabu: kwenye njia za dhahabu, kuanzia Kahama hadi Nyarugusu na Katoro, magari hubebeshwa kupita kiasi, na maji ya rejeta hukumbukwa mvuke ukishapanda. Mambo yaliharibika fundi alipokwisha kumaliza kazi yake.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Hedi ilisawazishwa kwenye mashine, gasketi ikawekwa mpya, boliti zikakazwa kwa utaratibu wake, kuanzia katikati kwenda pembeni. Jioni mwenye gari akaitwa, fundi akapiga stata. Injini ikazunguka kwa nguvu na kwa mapigo sawa, lakini haikuwaka. Akapiga tena, na tena. Bomba la nyuma halikutoa moshi hata kidogo.

Kila kilichohitajika ili kuujua ugonjwa wa gari hilo kilikuwa kimeonekana pale pale, mbele ya watu wasiopungua watano, na hakuna aliyekitilia maanani.

Injini yake ni 1HZ ya Toyota, silinda sita, lita 4.2, ambayo wakazi wa Kanda ya Ziwa wameizoea kwenye magari ya migodi, ya hospitali na ya mapadri. Haina plagi za cheche. Hubana hewa zaidi ya mara 22 hadi ipate joto la nyuzi zaidi ya 500, kisha nozeli zinapuliza dizeli ndani yake na dizeli inajiwasha yenyewe. Basi inadai vitu vichache: hewa, mbano, mafuta, na mafuta hayo yafike kwa wakati wake. Rudolf Diesel alifanikiwa kuiendesha injini ya namna hiyo kule Augsburg, Ujerumani, mwaka 1897, na madai yake ya msingi hayajabadilika. Shahidi wa haya yote ni moshi. Ukipiga stata ukaona moshi mweupe, dizeli inaingia ila haiungui: chunguza mbano, hita plagi na taimingi. Usipoona moshi wowote, dizeli haifiki silindani. Fuata njia ya mafuta, uache vingine vyote kama vilivyo.

Mwenye gari alikuwa na haraka zake. Duara lake, yaani shimo lake la dhahabu kule Nyarugusu, lilikuwa linangoja matimba, na vibarua wanakula kila siku, wachimbe wasichimbe.

"Fundi, hiyo pampu imekufa," alisema.

Alijuaje, yeye ndiye ajuaye. Fundi alikuwa kijana, na alijua zaidi yake, lakini akanyamaza. Bosi akishatamka mbele za watu, kijana wa gereji hana ubavu wa kumkatalia. Nadhani ukimya huo uligharimu kuliko gasketi na mashine ya kusawazishia hedi kwa pamoja.

Walianza na njia za mkato. Betri ya lori ikaungwa, ingawa stata haikuwa imelalamika. Kisha mmoja akamimina petroli kidogo kwenye mdomo wa hewa. Injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Mchezo huo ni wa hatari: petroli, na zaidi etha ya kopo, ikikutana na hita plagi zenye moto hulipuka kabla ya wakati, na pistoni zimepasuka kwa namna hiyo. Safari hii walinusurika. Lakini kule kukohoa kulikuwa ushahidi wa pili. Injini inayokohoa kwa petroli ina mbano. Ilichokosa ni dizeli tu. Nao wakacheka, wakasema "imekaribia", wakaongeza petroli.

Usiku pampu ya mtumba ikaletwa. Kwenye 1HZ huwezi kutoa pampu bila kugusa mkanda wa taimingi unaoendesha kemshafti. Walifanya kazi kwa mwanga wa simu. Mkanda ulipotoka, springi za valvu ziliisukuma kemshafti ikajizungusha meno kadhaa. Alama za pampu zikapangwa vizuri sana, kwa kuwa pampu ndiyo iliyokuwa vichwani mwao. Alama ya kemshafti hakuna aliyeitazama.

Asubuhi wakapiga stata. Gari halikuwaka, na sauti yake haikuwa ile ya jana. Hilo nalo likapita. Wakafunga mnyororo, wakalivuta kwa lori kuelekea upande wa Isaka, gia ya tatu, klachi ikiachiwa kwa kishindo.

Waliporudi wamechoka, palikuwa na mzee amekuja gereji kwa shida zake nyingine, mtu aliyezeekea kwenye jenereta za mgodi wa almasi wa Mwadui.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, wanangu. Hebu piga nisikie."

Stata ikazunguka mara moja, mara ya pili. Mzee akainua mkono.

"Basi. Msipige tena stata."

Injini nzima ya silinda sita inapozungushwa hupiga mapigo yanayolingana, kila silinda ikigoma kidogo zamu yake inapofika. Hii ilikuwa inakimbia, inashikwa kidogo, inakimbia tena. Mzee alisikia kwamba kuna silinda ambazo hazibani kitu.

"Lilipoletwa lilikuwa linawaka?"

"Lilikuwa linachemsha, mzee, ila linawaka."

"Mkagusa nini?"

"Hedi."

"Na nini tena?"

"Pampu."

"Kabla ya pampu, lilikuwa linazunguka hivi?"

Kijana akamtazama bosi kwanza. "Hapana, mzee. Lilikuwa linazunguka sawasawa. Halikuwa na moshi tu."

Jibu hilo alikuwa nalo tangu jana, hakuulizwa. Mzee hakusema neno. Akaagiza kifuniko cha taimingi kifunguliwe, na alama ya kemshafti ikaonekana iko mbali na mahali pake. Hedi iliyofungwa jana ikafunguliwa tena. Valvu kadhaa zilikuwa zimepinda kwa kugongana na pistoni.

Kurudisha kulichukua muda, kwa sababu mzee alikataa kuharakishwa. Pampu ya kwanza ikarudi mahali pake, alama zote zikapangwa. Hita plagi zote sita zikatolewa, akaweka spana kwenye nati kubwa ya puli ya mbele, akaizungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kamili. Ikigoma, unasimama na kutafuta sababu. Stata ingesukuma tu, nguvu zake ndizo zinazopinda valvu. Kisha, mashimo yakiwa wazi bado, akawatoa watu pembeni na kuamuru stata ipigwe, ili maji yaliyobaki silindani baada ya kazi ya hedi yaruke nje. Maji hayabaniki. Yakifungiwa humo, kinachokubali kupinda ni mkono wa pistoni.

Plagi zikarudishwa, stata ikapigwa. Mapigo yalikuwa sawa, na moshi haukutoka. Yaani walikuwa wamerudi jioni ile ya kwanza.

Safari hii mzee alifuata dizeli. Pampu ndogo ya mkono juu ya filta ilikuwa ngumu, dalili kwamba upande wa tangi ni mzima. Akalegeza nati ya paipu kwenye nozeli ya kwanza, stata ikapigwa: kukavu. (Hili ni la injini za zamani kama hii. Magari mapya ya komoni reli hayaguswi hivyo kamwe. Shinikizo lake huzidi baa 1,000, na mchirizi wake hutoboa ngozi kabla hujahisi maumivu. Aliyepatwa na hilo apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, hata kama tundu ni dogo.) Akainamia pampu, akaomba swichi iwashwe na kuzimwa. Pampu hiyo ina valvu ya umeme inayoifungulia dizeli njia, na ikipata umeme hulia "ta". Haikulia. Akagusisha taa ya kupimia kwenye waya wake: giza.

Fyuzi ilikuwa imekatika. Siku ya kufungua hedi waya ule ulichomolewa, betri ikaachwa imeungwa, mtu akawasha swichi, na ncha ya waya ikagusa chuma. Pampu yoyote ambayo ingefungwa hapo, hata ingetoka kiwandani jana, isingetoa tone.

Fyuzi mpya ikawekwa, na "ta" ikasikika. Nati zikalegezwa, stata ikapigwa hadi dizeli ikatoka bila mapovu, zikakazwa. Injini ikatoa moshi mweupe, ikatetemeka, ikashika.

Mwenye gari alitaka valvu na gasketi ya pili vilipwe na fundi. Mzee akauliza jambo moja tu: nani alisema pampu imekufa? Walibishana mpaka jua likazama. Mwishowe bosi akalipia vifaa, na kijana akasamehe ufundi wa siku zote, kwa sababu waya aliuacha wazi yeye na alama ya kemshafti aliikosa yeye. Muuzaji wa pampu ya mtumba alikataa kuipokea. Alisema yeye aliuza pampu nzima, na katika hilo alikuwa na haki.