Maktaba ya Mistari 11

Machi 2016 mwandishi mmoja wa programu aliziondoa maktaba zake kwenye npm, hazina ambako watengenezaji hupakua maktaba za JavaScript (msimbo ulioandikwa tayari). Mojawapo ilikuwa left-pad, maktaba ya JavaScript yenye mistari 11 tu, kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Miradi mingi duniani ikagoma kujengwa, hata iliyotegemea Babel, zana ya kugeuza JavaScript mpya iweze kusomwa na vivinjari vya zamani. Wenye miradi hiyo wengi hawakujua kwamba wanaitumia left-pad. Waliipata kupitia maktaba iliyoazima maktaba nyingine.

Tabia hiyo ya kuazima bado ipo: siku hizi anayejifunza kutengeneza tovuti hurukia React, maktaba ya kujengea kurasa, kabla hajajua kivinjari chenyewe kinaweza nini. Maktaba ya jQuery ilipotoka 2006 ilikuwa na sababu, maana vivinjari havikuelewana. Leo querySelector (ya kutafuta vipengele vya ukurasa) na fetch (ya kuleta data) zimo ndani ya kivinjari, wala hazimli msomaji bando (na bando ni lake, si lako). Anza na MDN, mwongozo wa Mozilla unaosahihishwa kila mara, ndipo uende kwenye video za mafunzo. Na kabla hujaongeza maktaba yoyote, angalia ilisasishwa lini mara ya mwisho na inavuta nyingine ngapi nyuma yake.