Je, Nijinyime kwa Ajili ya Mtu Nisiyemjua?



Habari za jirani tumefundishwa tangu darasa la kipaimara, wala sidhani yupo katika mtaa wetu asiyeujua mfano wa Msamaria Mwema. Yule Msamaria alimkuta mtu kando ya njia, akamwona ana majeraha, akamhudumia. Wajibu wake ulikuwa na sura. Lakini liko swali jingine lisilosemwa sana mimbarani, nalo limenisumbua kwa muda. Je, ninao wajibu kwa mtu ambaye sitamwona kamwe, ambaye mwenyewe hatajua ya kuwa alitendewa jambo, na ambaye hata daktari hataweza kumtaja kwa jina? Laweza kuonekana ni swali la vitabuni tu. Kwa kweli limo ndani ya sufuria zetu, nami nimelifikia kwa njia ya ugonjwa wa moyo na presha.

Presha, au shinikizo la damu kama wasemavyo wauguzi, ni ugonjwa wa ajabu kwa kuwa aghalabu hauumi. Mtu hulima, huimba kwaya, hupanda kilima na mzigo kichwani, na huku damu yake inasukuma mishipa kupita kiasi mwaka hata mwaka, mpaka siku moja moyo unachoka, au figo zinashindwa kazi, au mwenyewe anaanguka kwa kiharusi. Kwa hiyo desturi yetu ya kungoja maumivu ndipo twende zahanati haifai hapa. Hayo mmekwisha kuyasikia, sitayarudia.

Nitakalo kueleza ni fikira za daktari mmoja Mwingereza, Geoffrey Rose, aliyefundisha London elimu ya kuchunguza magonjwa katika jamii. Mwaka 1981 aliandika juu ya kuzuia magonjwa ya moyo, na mwaka 1985 akaandika makala ambayo wanafunzi wa utabibu wanaisoma hata leo. Katika makala hiyo aliweka mbele ya wasomaji vipimo vya presha vya makundi mawili: wafugaji wahamaji wa Kenya, na watumishi wa serikali wa London. Mtu angedhani kwamba watu wa London wako sawa na wafugaji, ila wanao wagonjwa wachache zaidi ambao presha yao imepanda mno. Sivyo. Kundi zima la London lilikuwa limesogea juu: wa chini wao, wa kati wao, na wa juu wao.

Sisi tuliofundisha twalielewa jambo hili upesi. Ukisahihisha mtihani ukakuta watoto watano wameshindwa, waweza kuuliza kwa nini Yohana ameshindwa. Labda aliugua, labda ni mvivu. Lakini ukikuta darasa zima limeshuka kwa alama kumi, hata yule aongozaye siku zote, huulizi tena habari za Yohana. Wauliza habari za mwalimu, za vitabu, na pengine za njaa. Hayo ni maswali mawili, na jibu la moja si jibu la jingine. Rose alisema madaktari wamezoea kuuliza, Kwa nini mtu huyu ameugua? Wasahau kuuliza, Kwa nini watu hawa wana wagonjwa wengi?

Jambo lake la pili ndilo linalogusa dhamiri. Tufanye mfano wa hesabu, nao ni mfano tu. Tuseme mtaa una watu wazima 1,000. Kati yao 50 wana presha ya juu sana, na katika miaka kadhaa mmoja kati ya kila watano wa hao atapata kiharusi. Hao ni 10. Wale 950 waliosalia wana presha iliyozidi kidogo tu, au ya kawaida, na mmoja kati ya kila 50 wao ataanguka. Hao ni 19. Tazameni basi. Wengi wa walioanguka hawakutoka katika kundi la hatari kubwa. Walitoka miongoni mwa watu ambao mimi na wewe tungesema wako salama, kwa sababu tu wao ni wengi. Ukiwatibu wale 50 peke yao, hata ukiwatibu vizuri, maombolezo mengi ya mtaa yatabaki pale pale.

Itabidi basi watu wote wapunguze kidogo. Hapo ndipo fumbo linapotokea, na Rose hakulificha: jambo lenye faida kubwa kwa jamii humpa kila mtu mmoja mmoja faida ndogo sana. Nikipunguza chumvi yangu, yaelekea sana kwamba nisingepata kiharusi hata nisingeipunguza, au nitakipata hata hivyo. Faida yangu mwenyewe ni kama tone.

Msidhani hizi ni nadharia tupu. Mwaka 2021 zilitolewa habari za utafiti uliofanywa nchini China katika vijiji 600, kwa watu karibu 21,000 ambao ama walikwisha kupata kiharusi, ama walikuwa na umri wa miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji viliendelea na chumvi yao ya kawaida. Vingine vilipewa chumvi ambayo robo yake ilikuwa ya potasiamu badala ya sodiamu. Walifuatwa kwa muda wa karibu miaka mitano. Katika vijiji vya chumvi ya kawaida, kwa kila watu 1,000, walipata kiharusi kama 34 kila mwaka. Katika vijiji vya chumvi iliyobadilishwa, kama 29. Vifo navyo vilipungua. (Chumvi ya namna hiyo haimfai kila mtu. Mwenye ugonjwa wa figo, au anayetumia baadhi ya dawa za presha, asiiguse kabla ya kumwuliza daktari.)

Wanne au watano kati ya elfu moja kwa mwaka. Ni akina nani? Hakuna ajuaye. Huwezi kwenda kijijini ukasema, Mama huyu ndiye aliyeokolewa. Yeye mwenyewe aliamka asubuhi, akachota maji, akapika, hakujua kwamba siku hiyo ingekuwa siku ya kuanguka kwake. Hakumshukuru mtu. Na wale wengine zaidi ya 990 walibadilisha chumvi yao, kwa mwaka huo, bila kupata kitu tunachoweza kukionyesha kwa kidole.

Sasa nauliza: je, walipoteza? Mtu wa sokoni atasema ndiyo, maana alitoa na hakupokea. Mimi nasema swali lenyewe limeulizwa vibaya. Wale elfu moja hawakuwa watu elfu wenye bahati nasibu elfu, walikuwa kijiji. Mtakatifu Paulo alipowafundisha Wakorintho habari za mwili na viungo vyake hakufikiri juu ya chumvi, bali alitoa namna ya kuhesabu isiyo ya sokoni. Mkono ukikinga jicho hauulizi faida ya mkono. Na liko jambo hapa lililo safi kuliko sadaka nyingi nilizoziona: haiwezekani kujivunia tendo ambalo hujui ulimtendea nani.

Zipo hoja za kupinga, nami nimezisikia kwa wazee wenzangu. Ya kwanza ni kwamba siku zetu zimo mikononi mwa Mungu. Ni kweli, na aliyesema hivyo huvuka barabara kuu akitazama kulia na kushoto. Sina la zaidi juu ya hoja hiyo.

Ya pili ina uzito. Husema hivi: Nani amekupa ruhusa ya kuonja mchuzi wangu? Mtu mzima ana haki ya kula apendavyo, na siku tutakapoanza kuamuliana chumvi tutaamuliana na mengine. Hoja hii naiheshimu. Nimeishi muda wa kutosha kujua watu wanavyopenda kutawala wengine kwa jina la faida yao. Lakini tutazame mambo yalivyo. Je, chumvi ya mkate wa dukani aliiamua nani? Si mimi, ni mwoka mikate. Ya samaki wa kukaushwa na papa? Ni mvuvi na mchuuzi. Ya vile vidonge vya kuungia mchuzi ambavyo siku hizi havikosi jikoni? Ni kiwanda. Chakula cha arusi na cha matanga huamuliwa na mpishi mmoja kwa niaba ya watu 300. Basi uhuru huo tunaouogopea kunyang'anywa sehemu kubwa yake hatukuwa nao. Tena ni nchi yetu hii iliyoamua miaka ya 1990 kwamba chumvi itiwe madini joto ili tuondokane na uvimbe wa shingo, na hakuna aliyesema kwamba utu wake umevunjwa. (Hiyo hiyo yenye madini joto ndiyo tuendelee kuitumia, ila kidogo. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, pungufu kidogo ya kijiko cha chai, ukijumlisha na ile iliyomo katika mkate na samaki.)

Na tena, chumvi ina tabia yake. Iliyo mezani huongezwa. Iliyokwisha kuingia chunguni haitoki. Kwa hiyo anayepika kwa chumvi kidogo na kuiweka nyingine mezani amewaachia watu wote hiari, na anayepika kwa chumvi nyingi amewaondolea hiari baadhi yao. Mwenye kupigania uhuru ajiulize yuko upande gani.

Hoja ya tatu ni ya maskini, na hiyo yanitia haya. Mtu ambaye kitoweo chake ni dagaa wachache, na ladha yake yote ni chumvi na pilipili, nimwambie nini? Simwambii kitu mpaka nimsaidie kupata ndimu, nyanya na mchicha.

Mwaka 1990 ulichapishwa utafiti mwingine kutoka Kenya, na Rose alikuwa miongoni mwa waandishi wake. Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi na kwenda kukaa Nairobi walipimwa, wakalinganishwa na ndugu zao waliobaki. Presha ya waliohama ilianza kupanda mapema baada ya kufika mjini. Mkojo wao ulionyesha sodiamu zaidi, ambayo ndiyo ya chumvi, na upungufu wa potasiamu, ambayo twaipata katika ndizi, maharage na mboga za majani.  Walibadilisha chungu.

Hapa pana jambo ambalo ningependa lisikike kuliko mengine. Katika vijiji vyetu mtu akilala na kiharusi husemwa maneno ya namna mbili. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Na sisi tuliosoma, tukijiona werevu zaidi, twasema, Alikuwa akila chumvi mno, hakusikia. Ikiwa hesabu ile ni sahihi, neno letu si bora sana kuliko lao. Huenda alikula kama mimi nilivyokula, kutoka chungu kilekile, na miongoni mwetu elfu ikamwangukia yeye. Sijui kwa haki gani nitamhukumu.

Wala mtu asifikiri kwamba kuwahudumia wote ni kumsahau mmoja. Mwenye presha iliyopanda sana anahitaji vidonge vyake kila siku, hata akijisikia mzima, na hasa akijisikia mzima, maana ndipo watu wengi wanapoviacha. Utafiti wa Marekani uliotangazwa mwaka 2015, wa watu zaidi ya 9,300 wenye hatari kubwa, ulionyesha kwamba walioshushwa presha chini zaidi kuliko ilivyozoelekwa walipata mshtuko wa moyo, kiharusi na maradhi ya namna hiyo pungufu kwa robo. Lakini baadhi yao walizirai au figo zao zikadhurika. Ndiyo maana kipimo cha kila mtu huamuliwa na daktari wake, si na jirani anayemgawia vidonge vyake.

Walakini kazi ya wote yawezekana. Jimbo la North Karelia, nchini Ufini, lilikuwa na vifo vya ugonjwa wa moyo kupita karibu kila mahali duniani. Mwaka 1972 walianza kazi. Hawakuwaita wagonjwa tu. Waliwaendea wafugaji wa ng'ombe wa maziwa, wenye maduka, walimu, na chama cha akina mama wa nyumbani, ambao walikutana vijijini kupika vyakula vya kwao kwa namna mpya, siagi na chumvi vikipungua na mboga zikiongezeka. Wanaume wengi waliacha sigara. Katika muda wa miaka 35 hivi, vifo hivyo kwa wanaume wa umri wa kufanya kazi vilipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Dawa nazo zilisaidia, hasa miaka ya mwisho. Ila mwanzo ulikuwa jikoni.

Sikukuu ya Mavuno inakaribia, nami nimemwomba Padre aliweke jambo hili mbele ya baraza la mtaa: kwamba pilau ya siku hiyo ipikwe kwa nusu ya chumvi tuliyoizoea, iongezwe bizari, ndimu na kachumbari, na mabakuli ya chumvi yawekwe mezani kwa atakaye. Akina mama wa Umoja wamekubali kujaribu kwanza kwa sufuria moja. Mzee mmoja, rafiki yangu wa siku nyingi, amenitumia salamu kwamba yeye atakuja na chumvi yake mfukoni. Na aje nayo. Nimemwekea kiti karibu yangu.