Nenda Mwenyewe



Tarehe 13 Julai 1985, watu wapatao 72,000 waliujaza uwanja wa Wembley, London, katika tamasha la kuwachangia walioathiriwa na njaa Ethiopia. Kundi la Queen lilitumbuiza kwa dakika 20 hivi tu. Mwimbaji wake, Freddie Mercury, mzaliwa wa Zanzibar, alipaza sauti, umati ukamwitikia. Akapandisha, nao wakapandisha. Katika wimbo wa Radio Ga Ga, maelfu ya mikono iliinuka na kupiga makofi kwa pamoja.

Nyimbo za Queen mashabiki walikuwa nazo kwenye kaseti. Kwa nini basi wasimame juani kutwa nzima? Kwa sababu kaseti huimba, lakini haikusikii. Uwanjani msanii huita, nawe ukaitika. Unageuka, na mtu usiyemjua anaimba kwa machozi maneno uliyodhani yanakugusa wewe peke yako. Hapo upweke huyeyuka.

Vivyo hivyo leo, kabla hujatuma ujumbe kwa simu, jiulize: nani anahitaji nifike mwenyewe? Mgonjwa? Mzazi? Rafiki wa zamani? Nenda. Uso kwa uso hauna mbadala.