Usihukumu Divai kwa Funda la Kwanza



Huko Piemonte, kaskazini-magharibi mwa Italia, hutengenezwa divai nyekundu iitwayo Barolo, kwa zabibu za aina moja tu, Nebbiolo. Sheria yao yadai ikomazwe kwa muda usiopungua miezi 38, na 18 kati ya hiyo ikiwa katika mapipa ya mbao. Ikiwa changa huwa kali. Hukausha ulimi kama chai ya rangi iliyoachwa na majani yake kutwa. Ndiyo maana wengi huiweka chupani miaka 15, 20 au zaidi.

Sasa mfikirie mtu aliyeingoja chupa yake miaka 20. Amesikia sifa zake, amealika marafiki, ametoa bilauri zake bora. Avuta kizibo, amimina, apiga funda. Lo! Wekundu umepauka, umekuwa kama rangi ya matofali. Ladha ya matunda haipo. Asema, “Nimepunjwa!”

Hakupunjwa. Alitaka uzee uwe na ladha ya ujana. Rangi ile ndiyo ya Barolo iliyokomaa. Tena divai iliyofungiwa miaka mingi huhitaji hewa. Iachwe kidogo katika bilauri, na mara nyingi itaanza kutoa harufu yake: waridi lililokauka, hata lami.

Ndugu msomaji, ni wangapi kati yetu hufika jubilei ya fedha kama mwonjaji huyo? Mume amtazama mkewe wa miaka 25 akimtafuta bibi arusi. Mke angoja maneno matamu ya uchumba, naye mume auliza tu kama mlango umefungwa. Kila mmoja asema moyoni, “Nimepunjwa.” Kumbe anayehakikisha kila usiku kwamba mlango umefungwa anasema “nakupenda” kwa lugha ya umri wake.

Basi mpe mwenzi wako hewa. Zimeni televisheni na simu, mkae wawili, mmoja aseme na mwingine asikilize mpaka mwisho. Na kumbukeni mashapo. Chupa ya zamani husimamishwa wima mapema ili mashapo yatue, kisha humiminwa polepole. Makosa mliyokwisha kusameheana yaacheni chini. Mkiyatikisa, mtainywa ndoa yenu ikiwa chungu.

Hata hivyo, mvumilivu hula mbivu, hali mbovu. Iko divai iliyoharibiwa na kizibo. Hunuka kama kadibodi iliyolowa, wala subira haiiponyi. Kipigo na vitisho nyumbani si ukali wa divai changa. Aliye hatarini asiambiwe angoje. Atafute usalama kwanza yeye na watoto, kisha amwone padre na wengine wawezao kumsaidia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1153, huitambua hatari kubwa ya namna hiyo kuwa sababu halali ya kutengana.

Kwa ninyi mliochoka tu, ikumbukeni arusi ya Kana. Divai njema ilikuja mwishoni, na kazi ya watumishi ilikuwa kujaza mabalasi maji.

Jioni hii ulizaneni: Ni jambo gani jema limekomaa ndani yako, nami sijalionja kwa sababu nalitafuta la zamani?

Mungu azibariki nyumba zenu.